Karatasi Hazitoki Mlangoni

Huko Mutakura, mtaa wa kaskazini mwa mji mkuu wa Warundi, Kudra alijulikana kwa jina la bintiye, Mama Houda, na kwa kazi ya magodoro. Alinunua mabaki ya pamba kwa magunia, akayachambua uani kwake akiwa amejifunga kitambaa puani, akayajaza ndani ya mifuko ya kitambaa cha mistari, kisha akaifunga kwa mishono mipana na sindano ndefu iliyomwachia sugu kwenye kidole. Mtu akimsalimu asubuhi, yeye alimuuliza kwanza habari za mgongo, halafu ndipo za watoto.

Alizaliwa Buyenzi, katika ukoo wa Waislamu wa siku nyingi wa mji ule, akaolewa na Sulemani, fundi wa injini za malori. Walijenga Mutakura nyumba ya vyumba vitatu, vita havijaanza. Mwaka 1995, kartie, yaani mitaa ya mji, zilipogawanywa kwa bunduki na majirani wakaanza kuulizana nani ni nani, Sulemani aliwaficha watu wa nyumba ya pili nyuma ya lori bovu lililokuwa uani. Wale watu walitoka salama. Siku ya tatu vijana wakaja kumchukua yeye, na hakuonekana tena. Kudra alimshika Houda mkono, akabeba godoro moja kichwani, akarudi Buyenzi kwa ndugu zake na kukaa huko miaka minane.

Aliporejea Mutakura alikuta familia nyingine imelala vyumbani mwake. Ilichukua karibu mwaka mzima kuwatoa kwa maneno mazuri na kwa wazee kukaa vikao. Walitoka, akaingia, lakini hakuwa na karatasi yoyote ya kuonyesha kwamba nyumba ni yake, maana za zamani ziliungua. Karatasi mpya ilihitaji sahihi ya shefu wa kartie, naye shefu wa kartie alikuwa Népomuscène.

Mtu huyo hakuwahi kuchaguliwa na yeyote. Aliwekwa na wakubwa wakati wa vita, serikali ile ikaondoka, yeye akabaki. Ikaja serikali ya mpito, akabaki vilevile. Ni yeye aliyesema nani ni mkaaji na nani ni mpita njia, nani ataandikwa kwenye orodha ya mabati ya msaada na nani atasubiri. Alikuwa mtu mpole wa sauti, mwenye suruali zilizopigwa pasi vizuri, na hakuna aliyewahi kumsikia akimfokea mtu. Faili la Kudra lilikuwa mezani kwake mwaka mzima. Kila akiulizwa, alijibu kwamba linakuja.

Mwezi wa Juni mwaka 2005, watu wa uchaguzi waliitisha mkutano wa kutafuta wasimamizi wa biro, yaani vituo vya kupigia kura, kwa kuwa tarehe nne ya Julai taifa zima lilikuwa linachagua wabunge, kwa mara ya kwanza tangu mwaka 1993. Jina lolote lililotajwa na upande mmoja lilikataliwa na upande wa pili. Mwishoni mtu mmoja mkutanoni akasema wamuweke Muswahili, kama walivyowaita Waislamu wa Buyenzi, asiye wa hawa wala wa wale, na anayejua kusoma. Macho yote yakamwendea Kudra, aliyekuwa amekaa nyuma na kanga yake kichwani. Alikuwa amesoma hadi darasa la nane, Kifaransa na Kirundi alivisoma bila kusitasita. Népomuscène naye aliunga mkono. Kudra alipomuona anapiga makofi, alijua kabisa sababu yake: faili la nyumba lilikuwa bado mezani kwake. Lakini hakukataa. Baadaye Houda alipomuuliza kwa nini, alisema tu kwamba alichoka kuona mambo yote yanafanywa na watu wale wale.

Jumamosi, siku mbili kabla ya kura, Népomuscène alimfuata nyumbani. Alipiga hodi, akakaribishwa, akakaa juu ya godoro ambalo bado halijashonwa mdomo.

"Mama Houda, kazi inaendelea?"

"Tunashukuru Mungu, shefu."

"Njo vizuri." Alishika uzi uliokuwa ukining'inia, akauzungusha kidoleni. "Karatasi yako ya nyumba niliiona jana. Iko juu kabisa. Nilisema, Jumanne, kura zikiisha, nitaitia sahihi hiyo yako kwanza, mbele ya batu wote."

Kudra aliendelea kuchambua pamba.

"Iko kitu kidogo tu," akasema Népomuscène. "Kule kwenyi biro, kila mutu atapewa karatasi saba, za vyama vyote, na bahasha moja. Anatia moja ndani ya bahasha, sita zinabaki. Hizo sita, batu watatoka nazo. We usiwaulize. Wacha tu watoke nazo."

"Sheria inasema zinabaki ndani."

"Sheria inasema mambo mengi." Alitabasamu, akainuka, akajipangusa pamba kwenye suruali. "Mi sina ubaya na mutu, Mama Houda. We unanijua."

Alipoondoka, Kudra aliendelea kuchambua hadi akagundua kwamba anachambua pamba iliyokwisha kuchambuliwa.

Kesho yake alikuja Adélaïde, jirani wa nyumba ya tatu, mwanamke wa makamo aliyefagia ofisi mjini na kulea wajukuu wanne. Hakukaa. Alisimama mlangoni na kusema kwa sauti ndogo kwamba wameambiwa wote, nyumba kwa nyumba. Ukimaliza kupiga kura, unapitia kabare, ile baa iliyo nyuma ya shule. Kuna meza pale. Unaweka karatasi zako sita zilizobaki, wanaangalia. Kama karatasi ya chama cha shefu imo, basi inajulikana hukuichagua. Kama haimo, wanaweka alama mbele ya jina lako, unaenda zako.

"Na asiyepita kabare?" akauliza Kudra.

"Huyo pia wanamuandika." Adélaïde alitazama barabarani, kisha akamtazama tena. "Mi niko kwenye orodha ya mabati, Mama Houda. Nimengojea tangu tulipotoka kambini. Mvua ikija na ile plastiki ingali paani, batoto wataniuliza nini?"

"Na we unataka kuchagua nani?"

"Usiniulize," Adélaïde akasema. "Tena we ndiye prezida wa biro. Usiniulize."

Jumatatu Kudra aliamka, akasali alfajiri, akanywa chai nusu kikombe, na kabla jua halijatoka alikuwa tayari shuleni. Biro yake ilikuwa darasa la mwisho, lenye madirisha yasiyo na vioo. Alimkuta Adrien, karani mstaafu wa posta aliyekuwa katibu wa biro, anapanga vitu mezani: daftari la majina, wino wa kidole, mafungu ya karatasi, bahasha, sanduku la kura. Kwenye kona palikuwa na pazia jeusi lililotundikwa kwa kamba, mahali ambapo mtu angejificha kuchagua.

"Boksi liko wapi?" Kudra akauliza.

Walikuwa wamepewa boksi kubwa la karatasi ngumu la kuweka nyuma ya pazia, ambamo kila mtu angetupia karatasi asizozitaka. Jioni ya jana lilikuwepo, yeye mwenyewe alilisukuma kwa mguu.

Adrien alivua miwani, akaifuta kwa shati. "Walikuja asubuhi, batu wawili. Walisema ofisi ya zoni inalihitaji."

"Na ukawapa."

"Ningefanya nini, Mama? Mi ni muzee. Tuache tu. Batu wataingia, watatoka, sisi tutahesabu kilicho kwenye sanduku. Si njo kazi yetu?"

Kudra alikiangalia kitabu kidogo cha kanuni kilichokuwa mezani. Ukurasa wa tisa ulisema waziwazi kwamba hakuna karatasi ya kura inayotoka nje ya chumba. Nje, foleni ilikwisha kufika kwenye lango la shule, watu wamevaa nguo za kwenda misani, hawazungumzi. Askari mmoja, kaporali, alisimama hatua chache kutoka mlangoni na bunduki begani. Ng'ambo ya ukuta lilionekana paa la kabare.

Alimwambia Adrien asifungue mpaka arudi. Nyumba yake haikuwa mbali. Alikwenda kwa haraka na kurudi na mfuko mpya wa godoro, mtupu, wa mistari ya buluu na nyeupe, mrefu kumpita mtu. Akaugongomea misumari miwili ukutani nyuma ya pazia, mdomo wazi usawa wa kiuno, chini umekunjana sakafuni. Mwakilishi wa chama cha Népomuscène, kijana wa miaka kama thelathini aliyekuwa na haki ya kukaa ndani na kutazama, alimuuliza hicho ni nini.

"Boksi," Kudra akajibu.

Saa kumi na mbili wakafungua.

Watu ishirini wa kwanza waliingia na kutoka, na mfuko ukabaki umelala ukutani kama ulivyotundikwa. Kila mmoja alipokea karatasi zake, akaenda nyuma ya pazia, akarudi na bahasha, akaitumbukiza sandukuni, akachovya kidole, akatoka. Na kila mmoja alikuwa na karatasi zilizokunjwa: huyu kwenye mfuko wa koti, huyu ndani ya kilemba, yule mzee amezishika tu mkononi kama tiketi ya basi. Kudra aliwaona. Aliendelea kumpa anayefuata karatasi zake. Alihisi kila mtu anayetoka anamtazama kwanza yeye, haraka, kisha anatazama chini.

Adélaïde alikuwa wa ishirini na kitu. Alichukua karatasi zake kwa mikono miwili. Nyuma ya pazia alikaa sana, mpaka kijana wa chama akakohoa. Kisha wakasikia karatasi zinaanguka ndani ya mfuko, kidogo tu, mlio kama wa majani makavu. Halafu mkono ukikwangua kitambaa kutoka ndani, mtu anatafuta alichokitupa.

Alipotoka alikuwa na karatasi zake mkononi, zote, na machozi yamemlenga. Akatia bahasha sandukuni. Alipopita mbele ya meza, akamwambia Kudra kwa Kirundi, taratibu, kana kwamba anasalimia, kwamba akienda kule mikono mitupu atakuwa amejitaja mwenyewe.

Hapo Kudra akaelewa. Mfuko ulikuwa sawa, sheria ilikuwa sawa, lakini hakuna mtu angeweza kuutumia peke yake. Aliyezitupa angeulizwa kwa nini amezitupa, na jibu lolote lingekuwa la kwake binafsi. Alitazama lile daftari la majina mia nne na zaidi. Alifikiri juu ya faili lililokuwa juu kabisa mezani kwa Népomuscène. Alimfikiria Sulemani pia, ingawa hakutaka, na alikasirika kidogo kwamba marehemu amemjia saa hiyo.

"Ngoja, Adélaïde," akasema.

Alikwenda nyuma ya pazia, akaung'oa mfuko kwenye misumari, akaukokota hadi mlangoni. Akavuta kiti chake, akakiweka kwenye kizingiti chenyewe, akakaa, mfuko kati ya magoti, mdomo wake umeshikwa wazi kwa mikono miwili. Kisha akapaza sauti, sauti ile aliyoitumia kuita wanunuzi upande wa pili wa barabara, ili foleni isikie, na kaporali asikie, na ng'ambo ya ukuta pia wasikie.

"Karatasi hazitoki mlangoni hapa. Zote zinaingia humu, zimekunjwa. Mtu akikuuliza ziko wapi, sema Kudra wa magodoro amekunyang'anya. Mutaje jina langu. Mi niko hapa, sendi popote."

Adélaïde alizitia karatasi zake ndani ya mfuko moja moja, kisha akatoka, mikono mitupu, akashika njia ya kwake bila kupita upande wa kabare.

Tangu hapo zikawa zinaingia. Wengine walizitupa harakaharaka kama kitu kinachochoma. Wengine walijifanya wanabisha. Mzee mmoja alisema kwa sauti kubwa, "Mama, unanionea," huku akizisukuma chini kabisa kwa ngumi. Mwanamke mmoja alikataa kweli, akakumbatia karatasi zake kifuani, akasema mumewe atamuua. Kudra alisimama, akazichukua vidoleni mwake moja baada ya nyingine, na yule mwanamke alipopita alipumua kama mtu aliyetua ndoo ya maji.

Haikupita nusu saa. Népomuscène alikuja akitembea polepole kando ya foleni, akiwapa watu salamu kwa majina, na kila aliyetajwa alinywea kidogo. Kaporali alisogea nyuma yake. Wakasimama mbele ya kiti cha Kudra.

"Mama Houda. Mbona umekaa mlangoni kama bawabu?"

"Kazi ya biro, shefu."

"Huo mfuko si kitu cha uchaguzi. Ni mfuko wa godoro. Watu wananilalamikia kwamba unawanyang'anya." Alimgeukia kaporali. "Uchukue."

Kaporali alipiga hatua moja. Alikuwa kijana wa uso mwembamba, na macho yake yalikuwa mekundu kwa kukosa usingizi. Kudra aliubana mfuko kati ya magoti.

"Mwanangu," akamwambia kaporali, "we uliambiwa nini jana mulipopewa kazi?"

Kaporali alisimama hapo alipofika.

"Iko hapa, ukurasa wa kumi na mbili. Adrien, lete kile kitabu. Mwenye silaha haingii biro mpaka prezida wa biro amuite. Kiti hiki kiko ndani ya biro. Mi sijakuita." Kisha akamgeukia Népomuscène. "Na we, shefu, unaweza kuuchukua. Sitakushika mkono, mi ni mwanamke tu. Lakini kuna daftari la ripoti pale mezani. Utaandika jina lako, saa, na kwamba umechukua karatasi za kura za biro hii. Utatia sahihi. Halafu uende nao."

Adrien alikuwa amekwisha kufika na kitabu. Mkono wa pili ulikuwa umeshika daftari la ripoti, limefunguliwa, na kalamu katikati yake. Hakuna aliyemwagiza kulileta.

Népomuscène aliiangalia kalamu. Foleni yote iliiangalia. Mtu mmoja huko nyuma alikohoa, na kikohozi kile kikasikika hadi langoni.

"Sina haja ya kuandika," akasema mwishowe, kwa ule upole wake. Akainama kama anayetaka kumnong'oneza jambo la kifamilia. "Kesho ni Jumanne. We utanitafuta."

"Inshallah," Kudra akasema.

Akaondoka. Kaporali alirudi mahali pake, akawageuzia mgongo, na kwa saa nzima hakutazama upande wa biro hata mara moja.

Kwenye saa nane mchana, jua likiwa kali na foleni imebaki ya watu hamsini hivi, bunduki zililia upande wa Buterere, kule kwenye mashamba ya mpunga. Milio mitano au sita, kisha mfululizo mrefu. Uwanja ulilala chini mara moja, watoto kwa wazee, kwa sababu kila mtu mle alikuwa amejifunza kulala chini. Kijana wa chama aliruka dirishani na kutoweka. Adrien aliingia chini ya meza, akaita kutoka huko kwamba wafunge, wafunge sasa hivi.

Kudra alilala juu ya mfuko. Ulikuwa umejaa karibu nusu, na karatasi zilimwinua kidogo kutoka sakafuni. Alisoma sura fupi zote alizozijua, akazimaliza, akaanza tena. Alijua kwamba wakifunga mapema, biro itaandikwa kuwa imeharibika, na kura zake zitahesabiwa mahali pengine na watu wengine. Hakujua kama milio ile ni ya waasi wa milimani, au ya askari, au ya mtu aliyeambiwa apige hewani ili shule itawanyike. Hata baadaye hakujua.

Ilipokoma, alihesabu moyoni hadi mia. Kisha akainuka, akajipangusa vumbi, akaketi tena kwenye kiti chake mlangoni na kuufungua mfuko.

"Aliyekuwa wa kwanza ni nani?" akauliza.

Mwanamke mwenye mtoto mgongoni akanyanyuka kutoka mchangani, akasema ni yeye. Nyuma yake akasimama mwingine. Wengi walikuwa wamekimbia, lakini katika dakika ishirini baadhi yao walirudi, wengine wamevua viatu na kuvibeba, tayari kwa mbio nyingine.

Saa kumi walifunga mlango na kuhesabu. Adrien alifungua bahasha, akasoma chama kwa sauti, na Kudra akapiga vistari kwa chaki kwenye ubao wa darasa, juu ya hesabu za watoto zilizokuwa hazijafutwa vizuri. Kijana wa chama alikuwa amerudi, nguo zimechafuka, na hapo mwanzo alifuatilia kwa kidole. Baadaye akaacha kufuatilia. Katika kura mia tatu na themanini na saba, chama cha Népomuscène kilipata hamsini na tatu.

Kijana alikataa kutia sahihi. Adrien alitia yake polepole, herufi kwa herufi, kama alivyokuwa akiandika stakabadhi za posta zamani. "Mi miaka thelathini nimetia sahihi karatasi za wengine," akasema. Gari la uchaguzi lilipokuja kuchukua sanduku bado kulikuwa na mwanga, na mfuko wa mistari ukapakiwa pamoja nalo. Kudra alilazimika kueleza mara mbili kwamba ndiyo, na huo pia.

Usiku ule hakulala kwake. Houda, aliyekuwa ameolewa Gihosha, alimfuata na teksi na kumwambia hakuna mjadala.

Jumanne hakwenda kumtafuta Népomuscène. Alhamisi ndipo aliposhuka Mutakura, akakuta kufuli geni kwenye mlango wake na tangazo limebandikwa, lenye muhuri wa kartie, likisema nyumba ina ugomvi na imefungwa mpaka kesi iamuliwe. Ndani mlikuwa na pamba yote aliyoinunua, na magodoro mawili ya watu. Alisimama pale kwa muda, akaligusa lile kufuli, akaona ni jipya kabisa, bado lina mafuta ya dukani. Watu walipita barabarani. Baadhi walimsalimu, baadhi walivuka ng'ambo.

Aliishi Gihosha miezi mitatu, kwenye chumba kimoja na wajukuu. Alikonda. Siku nyingine aliamka na hasira juu ya kila mtu aliyezitia karatasi zake mle ndani na kwenda zake nyumbani kulala. Alimwambia Houda hivyo waziwazi, na Houda hakumpinga.

Népomuscène aliondolewa Septemba, wakubwa wapya walipoweka watu wao. Haikuwa kwa sababu ya Kudra, na hakuna aliyemuuliza juu ya meza ya kabare. Alihamia upande mwingine wa mji, na waliomuona walisema anaendelea vizuri. Shefu mpya alilikuta faili la nyumba likiwa chini kabisa ya rundo. Alitaka mashahidi watatu.

Siku ya kikao Kudra aliwahi akiwa na Adrien peke yake, kwa sababu hakuthubutu kumuomba mtu mwingine. Alikaa kwenye benchi la nje, kanga imemzunguka mabega. Adélaïde akaja, ameomba ruhusa kazini, bado ana ufagio mkononi. Akaja yule mzee aliyesema anaonewa. Akaja yule mwanamke wa mume mkali, na mumewe pamoja naye, mtu mfupi mwenye haya. Waliendelea kuja mpaka benchi likajaa na wengine wakachuchumaa ukutani. Shefu mpya alitoka mlangoni akashangaa.

"Nilisema watatu," akasema.

"Chagua watatu unaowataka," Adrien akamjibu.

Karatasi ilitiwa sahihi wiki ile. Nyumba ilifunguliwa, na wakakuta panya wametengeneza viota kwenye pamba na magodoro yote mawili hayafai tena. Mwenye moja alidai lingine bure, naye akapewa.

Jioni moja ya Novemba, mvua ikianguka juu ya Mutakura na mabati yakipiga kelele, Houda alimuuliza mama yake kama siku ile aliogopa. Kudra alikuwa anapitisha uzi kwenye sindano, na ilimchukua muda kulipata tundu.

"Tangu alfajiri mpaka magharibi," akasema. "Tena nilibanwa na mkojo tangu saa tatu asubuhi. Sikuweza kuinuka pale mlangoni. Batu wanafikiri nilikuwa nawaza taifa."

Houda akacheka mpaka akashika mbavu. Kudra naye akacheka kidogo, akaupitisha uzi, akaendelea kushona.